Maana ya "Raia wa Kuzaliwa" katika Sheria ya Marekani

Katiba ya Marekani inaweka masharti matatu kwa anayetaka kuwa Rais: awe ametimiza umri wa miaka 35, awe amekuwa mkazi wa nchi hiyo kwa miaka 14, na awe raia wa kuzaliwa. Masharti mawili ya kwanza huthibitishwa kwa hesabu tu. La tatu limezua mabishano ya mara kwa mara, kwa kuwa Katiba hiyo, iliyoandikwa mjini Philadelphia mwaka 1787, haielezi popote maana ya maneno hayo.

Chimbuko la sharti

Julai 25, 1787, John Jay alimwandikia barua George Washington, mwenyekiti wa mkutano wa Katiba, akishauri kwamba wadhifa wa Amiri Jeshi Mkuu usipewe mtu yeyote asiye raia wa kuzaliwa. Hofu ya wakati huo ilikuwa kwamba taifa changa lingeweza kuangukia mikononi mwa watu wenye utiifu kwa wafalme wa Ulaya. Hata hivyo, waliokuwa raia wakati Katiba ilipopitishwa waliruhusiwa kugombea, kwani waasisi wenyewe, akiwemo Washington, walizaliwa wakiwa raia wa mfalme wa Uingereza.

Waliozaliwa ndani ya Marekani

Mwaka 1857, katika shauri la Dred Scott, Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu weusi wenye asili ya utumwa hawawezi kuwa raia wa Marekani, hata kama walizaliwa humo. Uamuzi huo ulifutwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba ya mwaka 1868, yanayotamka kuwa kila aliyezaliwa Marekani, na aliye chini ya mamlaka ya kisheria ya nchi hiyo, ni raia.

Mwaka 1898 Mahakama hiyo ilitumia kifungu hicho kumtambua Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina, kuwa raia. Watoto wa wanadiplomasia wa kigeni hawahusiki. Wenyeji wa asili waliozaliwa katika makabila yao nao waliachwa nje, hadi sheria ya mwaka 1924 ilipowapa uraia.

Kwa msingi huo, uraia wa wazazi si kigezo kwa aliyezaliwa ndani ya nchi. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alizaliwa Honolulu, jimbo la Hawaii, mwaka 1961, na hilo lilitosha. Waliompinga walidai uongo kwamba alizaliwa Kenya.

Waliozaliwa nje

Sheria ya mwaka 1790 iliwahesabu watoto wa raia waliozaliwa ng'ambo kuwa raia wa kuzaliwa. Sheria iliyoifuata mwaka 1795 iliwaita raia tu. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ubishi. John McCain alizaliwa mwaka 1936 katika Eneo la Mfereji wa Panama, na Ted Cruz alizaliwa Calgary, Kanada, mwaka 1970, kwa mama Mmarekani. Wote waligombea. Wanasheria wengi wanaona kuwa raia wa kuzaliwa ni yeyote aliyekuwa raia tangu alipozaliwa, bila kuhitaji kuomba uraia baadaye. Mahakama ya Juu haijawahi kuamua suala hilo kuhusiana na mgombea urais.

Uzito wa suala hili leo

Waliopata uraia kwa tajnisi wana haki karibu zote za raia wengine. Henry Kissinger, mzaliwa wa Ujerumani, na Madeleine Albright, mzaliwa wa Prague, walikuwa Mawaziri wa Mambo ya Nje, lakini hawakuweza kuingia katika orodha ya kurithi urais.

Mjadala umepanuka zaidi ya Ikulu. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri inayolenga kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa Marekani iwapo mama hana kibali au yupo kwa muda tu, na baba si raia wala mkazi wa kudumu. Amri hiyo ilipingwa mahakamani mara moja. Miongoni mwa familia zinazoguswa na hoja hiyo ni za wanafunzi na wafanyakazi wa kigeni wenye viza za muda, wakiwemo wanaotoka Afrika Mashariki.

Kwa Mmarekani anayeishi Nairobi au Dar es Salaam na kuzaa ndani ya ndoa na mtu asiye Mmarekani, sheria inataka awe ameishi Marekani kwa jumla ya miaka 5 kabla ya mtoto kuzaliwa, na angalau miaka 2 kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza umri wa miaka 14. Ushahidi wa ukaazi huo huwasilishwa ubalozini wakati wa kuandikisha kizazi, kabla mtoto hajafikisha miaka 18.