Kila Mtoto na Mahali Pake

Pita karibu na chuo cha Kurani huku Mnazi Bay, utasikia kelele: kila mtoto anasoma mahali pake. Huyu yuko alifu, yule juzuu ya pili, mwenzao anakaribia kuhitimu. Mwalimu humwita mmoja mmoja. Aliyejua husogea, asiyejua hurudia.

Shule ilikuja na kengele na madarasa. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1977, madawati yalijaa, na ukurasa ukawa mmoja. Aliyekwenda dago na baba yake alirudi akakuta somo limemwacha. Wengine hawakurudi tena.

Mwaka 1999 MEMKWA, mpango wa waliokosa shule, ulijaribiwa katika wilaya chache, Masasi ya mkoani kwetu ikiwemo. Makundi yakawa mawili kwa umri. Ilikuwa hatua, lakini kundi si mtoto.

Leo tunaambiwa kumfuata kila mwanafunzi ni jambo jipya. Si jipya. Ila tusikisifu mno chuo: fimbo ilikuwepo, na kitabu kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni mwendo tu. Hata hivyo, mtoto wa mvuvi aliporudi kutoka dago, alikuta mahali pake panamngoja.