Umbali wa Menouthias: Kutoka Kilomita hadi Stadio

Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K., unakitaja kisiwa cha Menouthias, stadio zipatazo 300 kutoka bara. Wanahistoria wamekinasibisha na Pemba, Unguja au Mafia. Maili ya Kirumi, takribani mita 1,480, ilihesabiwa kuwa stadio 8. Hivyo stadio moja ni mita 185. Kwa kipimo hicho, kilomita zipatazo 50 baina ya Pemba na bara ni stadio 270. 36 za Unguja ni 195 tu, na Mafia iko karibu zaidi. Hesabu inaelekea Pemba. Hata hivyo, matini yanakieleza kisiwa hicho kuwa tambarare, ilhali Pemba ina vilima vingi. Kwa hiyo umbali peke yake haumalizi mjadala.