Muuguzi na Daktari Johannesburg: Nani Alilipwa Mapema, Nani Alipanda Juu?

Ukiuliza leo kazi ipi ina mshahara mnono zaidi, udaktari au uuguzi, jibu halina mjadala: udaktari. Lakini kwa familia nyingi za Waafrika wa Johannesburg ya zamani swali lilikuwa jingine: ipi inaanza kulipa mapema?

Kabla ya miaka ya 1940, Mwafrika aliyetaka kuwa daktari alilazimika kusomea ng'ambo. Alfred Xuma alisomea Marekani, akarudi na kufungua kliniki yake Johannesburg. Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilianza kupokea Waafrika wachache katika udaktari wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 Mary Malahlela alihitimu hapo, akawa daktari wa kwanza mwanamke Mwafrika nchini. Hata hivyo, njia hiyo ilidai miaka mingi ya karo bila kipato.

Uuguzi ulikuwa mlango mwingine. Tangu Cecilia Makiwane aliposajiliwa mwaka 1908, Mwafrika wa kwanza nchini, kazi hiyo iliwavuta wasichana waliosoma. Mwanafunzi alipata posho, chakula na malazi hospitalini. Albertina Thethiwe, yatima mwenye wadogo wa kuwatunza, aliuchagua kwa sababu hiyo, akaanza mafunzo Johannesburg mwaka 1940. Baadaye, akiwa Albertina Sisulu, mshahara wake ndio uliokuwa nguzo ya nyumba yao ya Orlando, kwani mumewe, Walter, alijitosa katika siasa na hatimaye akafungwa.

Basi muuguzi alitangulia, lakini ngazi yake ilikuwa fupi. Sheria ya Uuguzi ya 1957 ilitenga madaftari ya usajili kwa rangi na kuliacha Baraza la Uuguzi mikononi mwa Wazungu. Daktari Mwafrika naye alilipwa na serikali chini ya Mzungu mwenye shahada ileile, ila aliweza kufungua kliniki yake mwenyewe. Muuguzi alimtegemea mwajiri.

Hapa historia hii inatugusa sisi wa Kiswahili. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na wauguzi Waingereza wakaondoka, wauguzi 20 Waafrika wa Afrika Kusini walikwenda kuziba pengo. Albertina alisaidia kuwatafuta. Ujuzi uliodharauliwa kwao ulihitajika kwetu.

Ubaguzi wa kisheria uliisha, mvutano wa mishahara ukabaki. Baada ya mgomo mkubwa wa watumishi wa umma wa 2007, wauguzi walipewa muundo mpya wa mishahara. Madaktari nao waligoma mwaka 2009 wakidai wao.

Tunapolinganisha kazi hizi mbili, basi, tusiishie kwenye hati ya mshahara. Tuulize pia nani anagharamia mafunzo, na nani ameshika ngazi ya kupandia. Johannesburg inaonyesha kwamba maswali hayo mawili ndiyo yaliyoamua maisha ya wengi.