Mafiga ya bodi mama

Katika kasha la kompyuta ya mezani, kwenye bamba ambalo bodi mama huegemea, hufungwa vidude vya shaba ya manjano vyenye kimo cha milimita 6 hivi. Kichwani vina tundu la kupokea skrubu. Kiingereza huviita standoff, na kwa Kiswahili havina jina lililozoeleka, ndiyo maana mara nyingi huishia kuitwa skrubu, kana kwamba kazi yake ni kukaza. Napendekeza viitwe mafiga, kwa sababu jina linalofaa hapa ni lile linalotaja mwanya, si mkazo.

Geuza bodi uone mgongo wake. Umejaa ncha za lehemu, yaani miguu ya vipuri iliyotokeza upande wa pili, na baadhi yake hupitisha umeme wa volti 12, 5 na 3.3. Kasha nalo ni chuma. Bodi ikilazwa moja kwa moja juu ya bamba, ncha hizo hugusana na chuma na kupiga shoti. Kifaa cha kugawa umeme chenye kinga nzuri hujizima: feni huzunguka kidogo, kisha kimya. Kinga ikiwa mbovu, bodi huweza kuungua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kidude hiki ni kuitenga bodi na sakafu yake. Jina nguzo halisemi hivyo, maana nguzo husifiwa kwa kubeba uzito. Kigingi hupigiliwa ili kitu kifungwe kwacho. Kiinuo kingefaa kimaana, ila ni neno pweke, halina desturi nyuma yake. Figa linayo. Chungu hukaa juu ya mafiga ili chini yake pabaki nafasi, na kila aliyepika kwa kuni anajua nafasi hiyo ikizibwa nini hutokea.

Figa pia huja na vitenzi vyake. Chungu huinjikwa, kisha huipuliwa. Fundi akisema ameinjika bodi, tunaelewa ameiweka juu ya mafiga yaliyokwisha kupangwa. Kufunga skrubu ni hatua inayofuata, na yeye hukaza kwa kupishana pembe kwa pembe, bila kuminya hadi bodi ipinde. Neno kufunga peke yake huzimeza hatua hizi mbili, na makosa huingia hapo hapo. Tena mpishi husogeza mafiga kufuata ukubwa wa chungu. Bodi nazo hazilingani: ya ATX, muundo uliotolewa na Intel mwaka 1995, ina milimita 305 kwa 244 na kwa kawaida matundu tisa, ya Mini-ITX ina milimita 170 kila upande na matundu manne. Kasha moja hupokea bodi za vipimo mbalimbali, basi figa lililosahauliwa mahali pasipo tundu huidunga bodi mgongoni na kuleta shoti ile ile iliyokuwa ikikwepwa. Kosa hili huwapata hata waangalifu, kwa kuwa figa la ziada huonekana kama msaada.

Atakuja mtu aseme mafiga ni matatu. Kweli, na nchini Tanzania hesabu hiyo imeingia hadi kwenye kampeni za uchaguzi: rais, mbunge, diwani. Lakini matatu yanatosha kwa chungu kinachotulia. Bodi husukumwa kwa nguvu kadi na vijiti vya kumbukumbu vinapochomekwa, hivyo huhitaji kushikiliwa sehemu nyingi zaidi. Wanaoona neno la jikoni halina hadhi wakumbuke kinu cha nyuklia, au mzinga uliotoka kwa nyuki ukaenda vitani.

Pingamizi zito ni jingine. Jiwe halipitishi umeme, ilhali figa la shaba huupitisha, na kwa makusudi: pete ya chuma inayozunguka tundu la bodi imeunganishwa na njia ya ardhi ya umeme, nayo hukutana na kasha kupitia figa na skrubu yake. Hili jina halilisemi, wala sidhani jina moja lingeweza kusema yote. Litaelezwa kwenye fasili. Linalobaki kuamuliwa ni lafudhi. Pwani wengi husema jifya, na methali inasema jifya moja haliinjiki chungu. Nimechagua figa kwa kuwa linaeleweka mbali zaidi na pwani, ingawa fundi wa Mombasa akiandika mafya sitamsahihisha.