Wasifu wa Fundi Umeme

Neno wasifu lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno sifa. Katika fasihi yetu limezoeleka kwa habari za maisha ya watu mashuhuri, kama alivyolitumia Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti Binti Saad. Leo fundi umeme atafutaye kazi naye hudaiwa wasifu wake. Hapana budi tujiulize neno hili limembebea mzigo gani.

Hapo kale fundi alijulikana kwa kazi ya mikono yake. Karatasi ilipoingia baina yake na mwajiri wakati wa ukoloni, kalamu haikuwa yake. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1919, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuchukua kipande, na mwajiri ndiye aliyejaza humo habari za kazi na ujira wake. Wasifu umeigeuza hali hiyo: mfanyakazi sasa hujieleza mwenyewe.

Hata hivyo, undugu wa wasifu na sifa umezaa kosa. Tumesoma wasifu mwingi wa mafundi uliojaa maneno kama "mchapakazi", "mwaminifu" na "mwenye uzoefu mkubwa". Hizo ni sifa tu, wala si ushahidi. Katika kazi ambayo waya mmoja uliofungwa vibaya waweza kuua mtu au kuteketeza nyumba, mwajiri hutafuta jambo linaloweza kuhakikiwa.

Jina "fundi umeme" nalo ni pana mno. Yuko wa majumbani, yuko wa viwandani, na yuko wa laini za nguzoni. Mwandishi na ajitaje yeye ni yupi. Kisha ataje chuo, mwaka na daraja alilofaulu katika majaribio ya ufundi. Na kwa Tanzania, leseni ya EWURA ikiwa anayo. Baadaye ataje kazi zenyewe, ya karibuni ikitangulia: alitandaza nyaya katika jengo gani, alifunga umeme wa njia moja au wa njia tatu, alitengeneza mota za namna gani, na nani aweza kumshuhudia.

Wako wasemao wasifukazi. Twaliunga mkono neno hilo, kwani lamkumbusha fundi kwamba kinachotakiwa kusifiwa ni kazi.