Safu ya Lugha: Sogeza, usihamishe

Wasanifu wa mabango na kurasa za tovuti sasa wanamwachia wakala wa akili unde kazi ya kupanga vitu kwenye programu kama Figma, na amri ninayokutana nayo kila mara ni moja: hamisha. Hamisha kitufe, hamisha nembo. Hapana! Hamisha imezaliwa na hama, na aliyehama ameuacha mtaa. Nembo iliyohamishwa imetoka ukurasa huu na kwenda mwingine. Ukitaka ibaki kwenye ukurasa uleule, iende kulia pikseli 20 tu, sema sogeza. Konda wa daladala anayesema "sogea nyuma" hamteremshi abiria.

Kwenye ukubwa ndiko kunakoniuma zaidi. Panua inatokana na pana: barabara ikipanuliwa, urefu wake ni uleule. Kuza inatokana na kua, na kinachokua hukua chote, kimo kwa upana. Ukiagiza picha ya bibi harusi ipanuliwe, wakala mtiifu anaweza kuiacha na kimo kilekile, akamvimbisha mashavu. Agiza ikuzwe, tena kwa uwiano uleule. Kuvuta nako ni kwingine: picha huvutwa upande mmoja, na umbo lake huharibika.