Jirani wa Bwawani: Habari za Wazee wa Florida na Aligeta

Katika lugha yetu neno mamba latosha. Watu wengine wa pwani husema ngwena, lakini mnyama ni yule yule, na mtoto aliyezaliwa kando ya mto hufundishwa mapema mahali pa kuteka maji na saa ya kuteka. Mara nyingi mwalimu wake ni bibi yake. Huko kusini mwa Marekani wako wanyama wawili wa ukoo huo. Mmoja ni mamba hasa, na hao ni wachache. Wa pili ni aligeta, mwenye pua pana iliyoviringana, ambaye afumbapo kinywa meno yake ya chini hayaonekani. Waspania walimwita el lagarto, yaani mjusi, na Waingereza wakalipokea neno hilo na kulipotoa hata likawa aligeta. Jina hilo lina hatari ndani yake, kwa maana mjusi hutambaa ukutani mwa nyumba wala hakuna amwogopaye.

Twataka kueleza hapa jinsi mnyama huyo, aliyekuwa adui kwanza na mali baadaye, alivyokuwa jirani wa wazee, na ni desturi gani iliyohitajiwa ili ujirani huo usiwe mauti.

Mwaka 1774 William Bartram, mtaalamu wa mimea kutoka Pennsylvania, alisafiri katika mto St. Johns wa Florida kwa chombo kidogo. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1791 chaeleza jinsi aligeta walivyomzunguka, naye akajiokoa kwa rungu. Lakini katika habari zake liko jambo dogo ambalo twaliona kubwa kuliko mapigano hayo. Alipokuwa ukingoni akiparua magamba ya samaki aliowavua, aliinua macho akaona kichwa cha aligeta mkubwa kikimjia polepole. Akarudi nyuma, na yule mnyama akawafagia baadhi ya samaki kwa mkia wake. Chakula kilichowekwa ukingoni na mtu ndicho kilichowakutanisha. Habari hiyo ina zaidi ya miaka 200, na yatukia hata leo.

Katika karne ya 19 ngozi ya aligeta ilipata bei, ikafanywa viatu, mikoba na mikanda. Mwaka 1893 palifunguliwa mahali pa kuwafuga huko St. Augustine, ambapo wageni hulipa ili kuwatazama, napo papo hata sasa. Wawindaji waliwaua usiku kwa taa na bunduki hata wakapungua sana. Florida ilifunga uwindaji mwaka 1962, na mwaka 1967 serikali kuu ikamwandika aligeta miongoni mwa wanyama walio karibu kutoweka. Kinga hiyo ilifaa. Mwaka 1987 ilitangazwa kwamba hatari ya kutoweka imepita. Leo Florida yakadiriwa kuwa na aligeta milioni 1.3, nao wako katika wilaya zote 67 za jimbo hilo.

Wakati ule ule watu nao waliongezeka. Mwaka 1950 Florida ilikuwa na watu kama milioni 2.8, mwaka 2020 walikuwa milioni 21.5. Wengi waliohamia walikuwa wazee waliomaliza kazi zao katika miji ya baridi ya kaskazini. Kwetu desturi ni mzee kukaa na wanawe na wajukuu wake. Huko wazee wengi huchagua kukaa na wazee wenzao, katika miji iliyojengwa kwa ajili yao, ambamo kwa kawaida kila nyumba hutakiwa kuwa na mtu aliyetimiza miaka 55. Mjenzi Del Webb alifungua mji wa namna hiyo, Sun City, katika Arizona, tarehe 1 Januari 1960. Miaka michache baadaye alikuwa amekwisha kuanzisha mwingine katika Florida, kusini mwa Tampa. Hivyo miji ya wazee ilianza kujengwa huko karibu na mwaka ule aligeta alipoondolewa mbele ya bunduki.

Nchi ya Florida ni tambarare, na maji yako karibu na uso wa ardhi. Mjenzi hana budi kuchimba. Udongo autoao huinua misingi ya nyumba, na shimo libakilo hupokea maji ya mvua. Tena tangu mwaka 1982 sheria ya jimbo yataka maji ya mvua yatokayo katika majenzi mapya yazuiwe na kusafishwa kwanza, na bwawa ni njia moja ya kufanya hivyo. Basi mabwawa yakaenea kati ya nyumba na viwanja vya gofu, yakazungushiwa nyasi, na nyumba iliyoelekea maji ikawa ya kutamaniwa. Aligeta hutembea nchi kavu kutoka maji hata maji, hasa katika majira ya kutafuta wenzi, kuanzia Aprili. Aliyaona mabwawa hayo akaingia. Watu husema kwamba mnyama amevamia mji. Sisi twaona ni haki zaidi kusema kwamba mji ulimchimbia nyumba.

Wajenzi wengine walimfanya kuwa pambo. Katika kisiwa cha Hilton Head, jimbo la South Carolina, Charles Fraser, aliyeanzisha makao ya Sea Pines, alipigwa picha akitembea na aligeta kando yake kama rafiki wawili matembezini. Picha hiyo ilijulikana sana, hata imefanyiwa sanamu. Yapendeza macho, lakini kwa mzee mgeni aliyetoka katika mji wa theluji ni fundisho baya.

Hesabu ya serikali ya Florida, tangu mwaka 1948 hata 2021, ni matukio 442 ya watu kuumwa bila kumchokoza mnyama, na katika hayo 26 walikufa. Kwa nchi yenye watu wengi hivyo, hesabu hiyo ni ndogo. Lakini hesabu haimfariji aliyefiwa na mama yake. Agosti 2022, katika mji wa wazee karibu na Hilton Head, mama wa miaka 88 aliyekuwa akitunza bustani aliteleza akaingia bwawani, akauawa. Februari 2023, katika kijiji cha wazee karibu na Fort Pierce, mama wa miaka 85 alikuwa akimtembeza mbwa wake mdogo kando ya bwawa. Aligeta wa futi zaidi ya 10 akatoka majini. Mbwa alipona, bibi hakupona.

Sasa tutazame chanzo kimoja cha hatari, ambacho chashangaza kwa kuwa hutoka katika wema. Aligeta aliyekulia porini humwepuka mtu. Mzee akaaye peke yake humwona kila asubuhi katika bwawa lake, humpa jina, na siku moja humtupia mkate au kichwa cha samaki. Mnyama hajui shukrani. Ajifunzalo ni hili tu, kwamba kivuli cha mtu ukingoni ni dalili ya chakula, na kesho hakimbii tena bali huja. Wahenga wetu walisema, mazoea yana taabu. Wala si lazima taabu hiyo impate yule aliyelisha. Huenda ikampata jirani apitaye jioni, asiyejua kwamba mnyama amekwisha kufundishwa. Ndiyo sababu sheria ya Florida yakataza kumlisha.

Watu wa huko wana msemo, kwamba aligeta aliyelishwa ni aligeta aliyekufa. Maana yake yaonekana katika mpango uliowekwa na jimbo tangu mwaka 1978. Mwenyeji akiona aligeta wa futi 4 au zaidi, na kudhani kwamba ni hatari kwa watu au mifugo, hupiga simu, na mtegaji mwenye leseni hutumwa. Wengi hudhani mnyama atapelekwa mbali akaishi kwa amani. Sivyo. Kwa kawaida huuawa, kwa sababu akihamishwa hujaribu kurudi alikotoka, na maji mengine yana wenyewe tayari. Basi aliyemtupia mkate kwa huruma amemtia hatarini jirani yake, na mnyama aliyempenda pia.

Desturi zifaazo si nyingi. Mbwa afungwe kamba, wala asitembezwe ukingoni, maana hufanana na mawindo. Mabaki ya samaki yasitupwe majini. Kuogelea kuwe mchana, tena mahali palipowekwa, kwa kuwa aligeta hutafuta chakula zaidi tangu jioni hata alfajiri. Jike hutaga mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, mayai kama 35, ndani ya chungu la majani, naye hulilinda. Akifoka, mtu arudi nyuma pole pole. Akishikwa, apigane kwa nguvu zake zote, na kupiga macho na pua. Husemwa pia kwamba amkimbiaye aligeta apindepinde njia. Hayo si kweli: mnyama huyo hafukuzi mbali nchi kavu, na kijana akikimbia moja kwa moja atamwacha. Lakini mtu wa miaka 85 hakimbii, pengine hasikii vema wala haoni mbali. Kwa hiyo kinga ya mzee ni umbali autunzao kabla ya kuhitaji miguu.

Tulianza na bibi afundishaye mtoto kuteka maji. Katika vijiji vyetu hekima ya mto hushuka kutoka kwa mzee hata kwa mdogo. Huko Florida mambo yamegeuka, kwani bibi mwenyewe ndiye mgeni. Amefika akiwa na miaka 70, hakulelewa kando ya maji hayo, wala nyumbani mwake hakuna mkubwa wake wa kumwonya. Kila mwaka wengine hufa, na wengine huja wasiojua. Bango lililosimamishwa kando ya bwawa lafaa, lakini bango halimwiti mtu kwa jina lake. Ajuaye amwendee jirani yake mpya siku ya kwanza, kabla mizigo haijafunguliwa, amwonyeshe bwawa na kumwambia: huyu ni mwenyeji wa hapa, usimchukie, usimlishe, wala usimkaribie.